Dakika Mbili za Mwisho

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Msasani, Dar es Salaam. Yanachapwa kama yalivyosemwa, ila salamu zimepunguzwa.)



Nimepewa dakika 20. Ndugu Katibu ameniahidi kwamba zikibaki 2 atainua karatasi nyekundu, ili nijue kuwa muda unakwisha na nijipange. Namshukuru kwa ukarimu huo. Mimi na wenzangu tunaocheza chesi katika mashindano ya mitaani, Kinondoni na Temeke, mara nyingi hatuinuliwi karatasi yoyote. Na hilo ndilo lililonileta hapa mbele.

Katika makabrasha mliyogawiwa mlangoni mmeona kuwa Kamati inapendekeza tuipelekee shule seti 20 za chesi. Naliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Hata hivyo naomba lirekebishwe kidogo, na sababu yangu siwezi kuieleza bila ya kusimulia jambo moja ambalo mimi mwenyewe sikulifanya vizuri. Kwa hiyo nivumilieni.

Kwanza niwakumbushe tulikotoka. Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 1995, shule ilikuwa na ubao mmoja tu wa chesi. Ngome moja nyeusi ilikuwa imepotea, na mahali pake tuliweka kifuniko cha soda. Tulicheza baada ya chakula cha jioni, tukingoja kengele ya prepo. Saa hatukuwa nayo. Matokeo yake yule aliyekuwa anashindwa alijifunza ujanja wa kufikiri. Alishika kichwa, akakunja uso, akafikiri mpaka kengele ikalia. Kesho yake kete zilikwisha kupangwa upya na hakuna aliyeshindwa. Namwona mmoja wa mabingwa wa kufikiri namna hiyo ameketi safu ya tatu, sasa hivi ni mtu mzima mwenye heshima zake, basi simtaji.

Tulidhani tatizo lile ni letu sisi tu. Kumbe wakubwa wa mchezo huu waliteseka nalo kabla yetu. Ulaya ya karne ya 19 mchezaji aliweza kuketi saa nzima juu ya hatua moja, na mwenzake hana la kufanya ila kupiga miayo. Mwaka 1861, katika pambano la Anderssen na Kolisch, walitumia chupa za mchanga kupima muda. Mwaka 1883, katika mashindano makubwa ya London, ndipo zilipotumika saa za mashine zilizounganishwa mbili mbili, moja ya kila mchezaji. Ukicheza, saa yako inasimama na ya mwenzako inaanza kwenda. Tangu hapo mchezo wa chesi umekuwa na vita viwili, kimoja cha ubaoni na kingine cha saa. Wazee wetu wa pwani waliouita mchezo huu sataranji, wakicheza barazani, walijua kile cha kwanza tu.

Saa hiyo ndiyo niliyoikuta nilipofika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilikuwa saa ya mishale, ina nyuso mbili na vitufe viwili juu, na pembeni ya namba 12 kijibendera chekundu. Mshale wa dakika unapokaribia 12 unakiinua, na ukipita kinaanguka. Kikianguka kabla hujamaliza mchezo, umeshindwa, hata kama ubaoni umebakiwa na malkia wawili na mwenzako hana kitu cha maana. Nasema "hana kitu cha maana" kwa makusudi, maana kanuni yenyewe ina kifungo kidogo ambacho wengi wetu hatukisomi. Aliyeishiwa na muda anashindwa, isipokuwa kama mwenzake hana namna yoyote ile ya kumfunga mfalme wake kwa hatua zilizo halali. Hapo inakuwa suluhu. Mfalme peke yake hawezi kumfunga mfalme, na mfalme mwenye farasi mmoja hawezi kumfunga mfalme aliye uchi. Lakini akiwa na askari mmoja tu, basi anahesabiwa kuwa anaweza, kwa kuwa askari huyo aweza siku moja kuwa malkia.

Tena maneno "namna yoyote ile" ni mapana kuliko mnavyodhani. Mwaka 2008, mashindano ya ubingwa wa dunia wa wanawake yalifanyika Nalchik, Urusi. Monika Soćko wa Poland na Sabina Foisor wa Romania walifika kwenye mchezo wa kuvunja sare, na sharti lake ni kwamba mwenye kete nyeupe asiposhinda ametoka. Soćko alikuwa mweupe. Mwishowe kila mmoja alibaki na mfalme na farasi, basi. Hapo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayefungwa. Saa ya Foisor ikaisha. Mwamuzi akatoa suluhu, kama ambavyo mimi na nyinyi tungetoa. Soćko akakata rufani, na akapewa ushindi! Kwa sababu gani? Kwa sababu farasi wawili wakiwa ubaoni, iko namna ya mfalme kujibana pembeni na farasi wake mwenyewe akamzibia njia, hata afungwe. Ni lazima afanye upumbavu mkubwa ili afungwe hivyo, lakini namna ipo, na kanuni ilisema "namna yoyote". Nimekitaja kisa hiki ili nisije nikaonekana nawalaumu watu wa Msasani peke yao. Hata kwenye ubingwa wa dunia mwamuzi alijikwaa palepale.

Sasa turudi nyumbani.

Miaka kadhaa iliyopita, vijana wa hapa Msasani walinifuata nyumbani wakanieleza kuwa wanaandaa mashindano ya Jumamosi moja. Walitaka niwe mwamuzi. Sababu waliyonipa ilinifurahisha mno: "Wewe, mzee, ni mtu wa serikali. Unazijua kanuni." Mimi si mzee, nina miaka arobaini na kitu, lakini mtu akisifiwa hukubali na uzee pia. Nikakubali.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya mizunguko 5, kila mchezaji dakika 25 kwa mchezo. Piga hesabu. Mchezo mrefu kabisa hauzidi dakika 50. Mara 5 ni dakika 250, yaani saa 4 na dakika 10. Ukiongeza muda wa kupanga meza na kunywa chai, unaanza saa 3 asubuhi na saa 10 alasiri watu wanakwenda zao. Ndiyo maana waandaaji wa mitaani wanaupenda utaratibu huo. Tulikuwa na saa 10, na nyingine tuliazima huko na huko. Sita zilikuwa za mishale, nne za elektroniki, zile zenye namba. Saa za elektroniki zaweza kuwekwa zimwongeze mchezaji sekunde kadhaa kila anapocheza. Za mishale haziwezi. Tukasema tusiwapendelee wa meza nne tukawaonea wa meza sita. Zote ziende dakika 25 bila ya nyongeza. Uamuzi huo mpaka leo naona ulikuwa wa haki. Kilichokosekana ni kingine.

Mzunguko wa tano, meza ya pili. Kijana wa kidato cha tatu, mtoto wa hapa Bonde la Mpunga, anacheza na bwana mmoja wa makamo. Kijana alihitaji nusu pointi tu, yaani suluhu, aingie katika timu ya watu wanne watakaokwenda kucheza Morogoro. Alikuwa hajapata kutoka nje ya Dar es Salaam, alinieleza hivyo asubuhi wakati wa chai, akiwa na mkate mkononi.

Mchezo ukafika mahali ambapo yule bwana ana mfalme, ngome na askari mmoja, na kijana ana mfalme na ngome. Nani kati yenu anajua jina la Philidor? Alikuwa Mfaransa wa karne ya 18, mtunzi wa muziki na mchezaji wa chesi mwenye sifa kubwa. Alionyesha jinsi mwenye ngome peke yake anavyoweza kujiokoa. Mfalme wako unamweka mbele ya askari wa adui, kwenye mstari wa mwisho wa upande wako. Ngome yako unaituliza kwenye mstari wa tatu kutoka upande wako, ikate njia ili mfalme wa adui asipande. Hapo unangoja. Adui akimsogeza askari kwenye mstari huo, mara moja unaikimbiza ngome mpaka mwisho wa ubao, unaanza kumpiga cheki mfalme wake kwa nyuma, na hana pa kujificha kwa kuwa askari aliyekuwa kivuli chake amekwisha kusogea. Ni suluhu. Haishindiki, labda mtetezi akosee.

Yule kijana aliijua. Aliyemfundisha simjui, lakini ngome yake ilikuwa mstari wa tatu kama ilivyoandikwa. Na yule bwana naye alijua kwamba kijana anajua, kwani askari hakumsogeza hata mara moja. Alikuwa akiichezesha ngome yake tu, kushoto, kulia, kushoto, huku akiiangalia saa. Yeye alikuwa na dakika 4. Kijana alikuwa na dakika 1 na sekunde 20.

Kijana akaisimamisha saa, akanyosha mkono. Nikaenda. Akasema kwa adabu, sauti ya chini: "Mzee, naomba suluhu. Huyu baba hawezi kunishinda hapa, na wala hajaribu. Ananingojea muda."

Yule bwana akasema, "Mchezo una saa. Acheze."

Watu wamesimama nyuma yetu, joto la ukumbi mnalijua, na mimi nimesimama pale na beji yangu ya mwamuzi. Ndugu zangu, nilifanya kile ambacho mtumishi wa umma asiyejua jibu hukifanya. Nilichukua sauti nzito. Nikasema, "Kanuni ni kanuni. Endeleeni."

Akaendelea. Kwa sekunde 80 mtu hawezi kufikiri. Mkono ndio unaocheza. Hakukosea hata hatua moja. Saa ikafika sifuri, ngome yake ikiwa bado iko mstari wa tatu. Yule bwana alikuwa na askari ubaoni, kwa hiyo kufunga aliweza, kwa ile maana ya "namna yoyote". Nikaandika: ameshindwa kwa muda. Kijana akampa mpinzani wake mkono, akanipa na mimi, akasema "Asante, mzee," akaondoka bila ya kungoja zawadi zigawiwe. Timu ya Morogoro ikaenda na mtu mwingine.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikakitafuta kitabu cha kanuni za Shirikisho la Chesi la Dunia, FIDE, nikakisoma kama ninavyosoma waraka wa utumishi, kifungu kwa kifungu. Mambo niliyoyakuta nitawaeleza sasa, kwa sababu naamini hata wachezaji wazuri hapa ukumbini hawayajui yote.

Kwanza, kwa michezo isiyo na sekunde za nyongeza, nyuma ya kitabu kuna mwongozo wa kipindi cha mwisho. Mchezaji ambaye ni zamu yake, na amebakiwa na chini ya dakika 2, anaruhusiwa kuomba wote wawili waongezewe sekunde 5 kwa kila hatua, kama saa inaweza. Ombi hilo lahesabiwa kuwa ni kumtolea mwenzake suluhu. Mwenzake akikataa na mwamuzi akalikubali ombi, saa inawekwa upya, mwenzake anapewa dakika 2 za ziada, na mchezo unaendelea. Soma tena hapo: kama saa inaweza. Meza ya pili ilikuwa na saa ya elektroniki. Iliweza.

Pili, kama hilo haliwezekani, mchezaji huyo anaruhusiwa kudai suluhu kwa hoja mojawapo, kwamba mpinzani hawezi kushinda kwa njia za kawaida, au kwamba hafanyi juhudi ya kushinda kwa njia za kawaida. Yaani maneno yaleyale aliyoyasema yule mtoto, kana kwamba alikuwa anasoma. Mwamuzi akiridhika, ni suluhu papo hapo. Asiporidhika, anaweza kuliahirisha jambo, akasimama mezani akaangalia hatua chache, kisha akaamua, hata baada ya muda kwisha! Au analikataa dai, na mpinzani anapewa dakika 2 zaidi. Mimi sikukubali, sikuahirisha, wala sikukataa kwa namna iliyoandikwa. Niliunguruma tu.

Tatu, na hapa ndipo penye mkia wa jambo. Mwongozo huo hautumiki mpaka uwe umetangazwa kabla ya mashindano kuanza. Sikuutangaza. Kwa hiyo, ukisoma herufi za kanuni, uamuzi wangu ulikuwa sahihi kabisa. Hakuna ambaye angeweza kunishitaki.

Rafiki yangu mmoja nilipomweleza hivyo alinipongeza. Akasema, "Basi umepona." Lakini mimi sikuona kuwa nimepona. Nilikuwa sahihi kwa bahati, kama mtu anayejibu mtihani kwa kukisia. Sikuutangaza mwongozo kwa sababu sikujua kuwa upo. Katika kazi zetu za ofisini tumewahi kuona faili la mwananchi limeandikwa "amechelewa kuleta maombi", ukichunguza unakuta tarehe ya mwisho haikubandikwa mahali popote. Karani hana kosa. Mwananchi ndiye hana chake. Mimi mwaka wote nawasisitizia vijana wa ofisini kwangu kwamba tangazo lisilobandikwa si tangazo. Jumamosi moja tu nikafanya lile ninalowakataza.

Aidha kulikuwa na njia nyingine ambazo yule kijana hakuzijua na mimi sikumwambia. Zikipita hatua 50 za kila upande bila ya askari kusogezwa wala kete kuliwa, mchezaji anaweza kudai suluhu. Hali ileile ikitokea ubaoni mara 3, anaweza kudai vilevile. Zikifika hatua 75, au hali ileile mara 5, mchezo ni suluhu hata asipodai mtu. Mtasema, katika mchezo wa dakika 25 watu hawaandiki hatua, atahesabuje? Ni kweli hawalazimiki kuandika, lakini hawapotezi haki ya kudai, na wakati wowote wanaweza kumwomba mwamuzi karatasi ya kuandikia. Lakini twende mbele ya haki: sekunde 80 ukizigawa kwa hatua 50, kila hatua inapata sekunde 1 na nusu na zaidi kidogo, kufikiri, kucheza na kugonga saa mle mle. Nani ataandika?

Wako wanaosema saa ni sehemu ya mchezo, aliyeitumia vibaya shauri yake. Sitaki kuwapuuza. Yule kijana mwanzoni mwa mchezo alitumia dakika 9 nzima juu ya hatua moja ya kawaida, nilimwona. Mwenzake aliweka akiba, na akiba ni halali yake. Hata mwongozo wenyewe nauona una kasoro. Unamtaka mwamuzi aamue kama mpinzani "anaweza kushinda kwa njia za kawaida". Ili uamue hivyo sharti uijue chesi kuliko wanaocheza. Nairobi na Kampala wana waamuzi waliosomea. Sisi katika ukumbi wa mtaa tuna nani? Tuna mtu wa serikali. Akiwa dhaifu, atatoa suluhu mahali penye ushindi na kunyima mahali penye suluhu. Akiwa na mtoto wa ndugu yake mezani, ndiyo balaa.

Kijiweni kwenye drafti, pale Namanga, jambo hili wamelimaliza zamani. Wanacheza kwa vifuniko vya soda juu ya ubao uliochorwa kwa rangi, bila ya saa, na wanaoharakisha mchezo ni watazamaji: "Cheza, bwana, jua linazama!" Lakini mmoja akibaki na kingi wake mmoja anakimbia kimbia, waliozunguka wanaanza kuhesabu kwa sauti, na hesabu ikifika mwisho, suluhu. Kila kijiwe kina hesabu yake, lakini hakuna anayeketi pale bila ya kuijua. Mgeni anaambiwa kabla hajashika kete. Wazee wale wengi wao hawakufika kidato cha kwanza, na mimi nina shahada.

Kwa hiyo narudi kwenye pendekezo la Kamati.

Dawa iliyopatikana duniani ni zile sekunde za nyongeza. Mmarekani Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa mwaka 1972, alipewa hataza ya saa ya namna hiyo mwaka 1989, na mwaka 1992 aliitumia aliporudiana na Spassky huko Yugoslavia. Kila ukicheza, saa inakurudishia sekunde kidogo. Mwenye nafasi ya suluhu inayojulikana hawezi kuuawa na saa peke yake, maana kila hatua inamlipia inayofuata. Na mwamuzi hahitaji kuwa mjuzi. Ule mwongozo wa dakika mbili za mwisho haumhusu tena mtu. Mimi naipenda dawa hii kwa sababu hiyo hasa, inapunguza kazi ya watu kama mimi.

Waandaaji huniambia: utatuchelewesha, ratiba itavunjika. Hebu tuhesabu pamoja. Mpe mchezaji dakika 15, na sekunde 10 kwa kila hatua. Mchezo wa hatua 60 unampa sekunde 600 za nyongeza, yaani dakika 10. Kumi na tano na kumi ni 25. Ni muda uleule! Mchezo ukirefuka ukafika hatua 100, kila mmoja atakuwa ametumia kama dakika 32 hivi, na michezo ya namna hiyo ni michache kwa siku. Ukiweka robo saa kati ya mzunguko na mzunguko, ratiba inapumua.

Lakini sekunde hizo zinataka saa za elektroniki. Kamati inapendekeza seti 20 za ubao na kete, na saa haikutajwa hata moja. Naomba tununue seti 10 na saa 10 za elektroniki. Najua saa moja ina gharama kuliko ubao na kete zake, na najua Mweka Hazina ananiangalia. Kama fedha hazitoshi, ziwe saa 8 na seti 8. Wanafunzi 16 wakicheza kwa zamu wakiwa na saa, watajifunza zaidi ya wanafunzi 40 wanaongoja kengele ya prepo kama tulivyongoja sisi. Na kila sanduku liwekwe ukurasa mmoja wa Kiswahili, uliopigwa chapa vizuri, unaoeleza muda ukiisha inakuwaje, suluhu inadaiwa vipi, na hatua 50 ni nini. Ukurasa huo nimekwisha kuuandika. Mwalimu wetu wa Kiswahili yupo hapa, ataninyosha lugha.

Mtauliza kijana yuko wapi. Kwa miezi mingi hakuonekana mashindanoni. Niliuliza nikaambiwa anacheza mpira. Siku moja nikamkuta kituo cha daladala, nikamwita, nikamweleza yote niliyoyasoma, na kwamba saa ya meza yake iliweza kuongezwa sekunde. Alinisikiliza. Kisha akaniuliza, "Sasa, mzee, kwa nini hukusema siku ile?" Nikamwambia sikujua. Akacheka kidogo, kicheko ambacho sikukielewa, daladala ikaja akapanda.

Mwaka jana alirudi. Amemaliza kidato cha sita, amekuwa mrefu kunipita. Kabla ya mzunguko wa kwanza alikuja mezani kwangu, akaamkia, akauliza mbele ya watu wote: leo muda ni upi, nyongeza ipo au haipo, na kama haipo, mwongozo wa mwisho unatumika au hautumiki. Nikamwonyesha karatasi ukutani. Akaisoma yote, polepole, kidole kikifuata mstari, halafu akanisahihisha mahali pawili.

Ndugu Katibu ameinua karatasi nyekundu. Nimeleta saa moja ya elektroniki, ile pale mezani karibu na birika la chai, na ubao wake. Nimeiweka dakika 15 na sekunde 10. Atakayetaka kuijaribu kabla ya chakula anakaribishwa, nikianza na yule ndugu wa safu ya tatu.